Haki Katika Lugha ya Mwenye Haki: Kiswahili, Sheria na Usawa Mbele ya Mahakama

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu haki za binadamu aghalabu huanzia kwenye matini kubwa zinazofahamika. Hutajwa Taarifa ya Ulimwengu Juu ya Haki za Binadamu iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948 ikiwa na dibaji na vifungu 30. Hutajwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Kisha hutajwa katiba za nchi na orodha ya haki zilizomo. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni chombo kinachozibeba haki hizo kutoka katika maandishi hadi kwa mtu anayezihitaji. Chombo hicho ni lugha.

Mtu anaposimama kizimbani hutarajiwa kuyafahamu mashtaka yanayomkabili, kuyajibu, kuwasikiliza mashahidi na kuwahoji, kujitetea na hatimaye kuielewa hukumu ili aamue kama atakata rufaa au la. Kila hatua katika hizo ni tendo la lugha. Asiyeifahamu lugha ya mahakama anakuwapo kimwili pasipo kuwapo kisheria, kwa kuwa jambo linaloamuliwa ni lake na maneno yanayoliamua si yake.

Mhadhara huu unachunguza uhusiano wa lugha na haki kwa kuangalia zaidi mfano wa Tanzania, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa kwa miongo mingi kabla hakijawa lugha ya kumbukumbu za mahakama zake za juu. Hoja kuu ni kwamba ukosefu wa usawa mbele ya sheria hautokani na umaskini wa mali peke yake. Hutokana pia na mgawanyo wa lugha, ambao huwafanya wachache wawe wafasiri wa haki za wengi. Hata hivyo, kubadili lugha ya mahakama ni hatua ya lazima isiyotosha yenyewe, na sababu zake zitaelezwa.

2. Neno haki na uzito wake

Neno haki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba maana ya ukweli na ya jambo analostahili mtu. Katika Kiswahili maana hizo zote zimebaki. Mtu anayetaka kuaminiwa huapa kwa kusema "haki ya Mungu", na hapo haki ni ukweli. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi hudai "alipwe haki zake", na hapo haki ni stahiki inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi. Mwananchi anayetoka mahakamani akiwa ameridhika husema "haki imetendeka", na hapo haki ni uadilifu wa maamuzi. Kiingereza hutenganisha kwa maneno mawili kile anachostahili mtu na utendaji wa uadilifu. Kiswahili huyaweka yote mawili, pamoja na ukweli, chini ya neno moja.

Baadhi ya wataalamu wa istilahi huuona wingi huo wa maana kuwa upungufu, kwa kuwa sheria hutaka kila neno liwe na mipaka yake. Ni kweli kwamba mfasiri hulazimika kufikiri mara mbili kila anapokutana na neno hilo. Lakini wingi huo una mafunzo yake pia. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kwa urahisi kufikiria stahiki ya mtu iliyotengwa na ukweli wa jambo lenyewe, wala hukumu iliyo sahihi kwa utaratibu huku ikimnyima mtu chake. Kwake yeye, hukumu ya namna hiyo haiwezi kuitwa haki.

Methali nazo zinaonyesha kuwa jamii ya Waswahili haikuwa na mawazo ya aina moja kuhusu haki ya mnyonge. Kuna ile inayokiri hali ya dunia ilivyo: "Mwenye nguvu mpishe." Kuna ile yenye uchungu zaidi, isemayo kuwa mnyonge hupata haki ni mwenye nguvu kupenda, ambayo kwa kweli ni shutuma dhidi ya haki inayotegemea hisani. Kisha kuna ile inayotumika sana hadi leo: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Methali hii ya mwisho ina msimamo wa kisheria hasa. Inakubali kwamba mtu anaweza kuwa dhaifu, asiyependwa, au hata mkosaji, na bado akawa na jambo asiloweza kunyang'anywa. Huo ndio msingi wa dhana ya haki za binadamu kama inavyoelezwa katika matini za kimataifa, kwamba haki hazisubiri tabia njema ya mwenye nazo wala upendo wa mwenye kutoa.

Historia ya pwani inatoa mfano wa jinsi haki isiyofahamika au isiyofikika inavyokuwa. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Hata hivyo, amri hiyo haikuwaachia watumwa wote huru siku hiyohiyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na aonyeshe kwamba anayo makazi na njia ya kujikimu. Fidia ilitolewa kwa mabwana, na masuria waliachwa nje ya utaratibu huo hadi sheria ya mwaka 1909. Uhuru ulikuwa umetangazwa, lakini kuupata kulimtaka mtu asiye na kitu ajue kwamba upo, ajue pa kwenda, na ajue la kusema akifika. Masharti hayo matatu ndiyo yanayomkabili hadi leo mtu maskini anayeitafuta haki yake mahakamani.

3. Lugha mbili katika chumba kimoja

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, mahakama za wenyeji za wakati wa ukoloni ziliunganishwa katika mfumo mmoja wa mahakama wa nchi, na Mahakama za Mwanzo zikawa ngazi ya chini ya mfumo huo. Katika ngazi hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuendeshea mashauri na ya kuandikia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliuendeleza utaratibu huo. Mwanamke anayedai matunzo ya watoto wake, mkulima anayegombea mpaka wa shamba, mchuuzi anayedaiwa deni, wote walisikilizwa na kuandikwa kwa lugha moja.

Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, hali ilikuwa tofauti. Sheria iliruhusu mashauri kuendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba chumba kimoja cha mahakama kilikuwa na lugha mbili zilizofanya kazi mbili tofauti. Shahidi alizungumza Kiswahili, mwendesha mashtaka akamhoji kwa Kiswahili, mshitakiwa akamuuliza maswali kwa Kiswahili. Hakimu, ambaye naye alikuwa Mswahili wa lugha kama wote waliokuwamo, alisikiliza kwa Kiswahili na mkono wake ukaandika Kiingereza. Kilichosemwa kilikuwa cha wote, na kilichobaki kwenye jalada kilikuwa cha wanasheria.

Utaratibu huo ulimfanya hakimu awe mfasiri pasipo kuapishwa kuwa mfasiri. Aliandika kwa kasi, kwa mkono, huku akipima ushahidi na kusimamia nidhamu ya chumba. Hakuwapo mtu wa kuilinganisha tafsiri yake na maneno ya awali, kwa kuwa maneno ya awali hayakuandikwa popote. Majaji wa rufaa waliosoma jalada miaka miwili au mitatu baadaye hawakumsoma shahidi. Walimsoma hakimu akimweleza shahidi.

Hatari ya jambo hili huonekana wazi zaidi pale mshitakiwa anapoulizwa kama anakiri kosa. Chukua mfano wa mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe ambaye anajibu, "Ni kweli nilimchukua." Katika mazungumzo ya kila siku jibu hilo halisemi zaidi ya kilichosemwa: ng'ombe alichukuliwa, na aliyemchukua ni mimi. Huenda msemaji anaamini kuwa ng'ombe huyo ni wa mahari isiyorudishwa au ni wa urithi wa baba yake. Kwa mujibu wa sheria ya jinai ya Tanzania, wizi hautimii kwa kuchukua tu. Sharti mchukuaji awe amechukua kwa hila na pasipo dai la haki. Jibu la mtu huyo, likiandikwa kwa Kiingereza kwa maneno mawili ya kukubali, hugeuka kuwa kukiri wizi. Neno "kosa" lenyewe huongeza utata, kwa kuwa katika Kiswahili linajumuisha kukosea njia, kumkosea mtu adabu na kutenda jinai. Wapo wanaokubali kuwa wamekosa kwa maana ya kusikitika, na kukubali huko kukawapeleka gerezani.

Mahakama za rufaa hazikuwa vipofu kwa hatari hiyo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kanuni ambayo bado inatajwa mara kwa mara katika hukumu za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mashtaka na vipengele vyote vya kosa vinapaswa kuelezwa kwa mshitakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Majibu yake yaandikwe kwa kukaribia kadiri iwezekanavyo maneno yake mwenyewe, na mambo ya hakika ya shauri yasomwe mbele yake ili apate nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Hukumu nyingi za kukiri kosa zimetenguliwa kwa sababu kanuni hiyo haikufuatwa. Lakini kutengua hukumu ni dawa inayomfikia yule tu aliyeweza kukata rufaa.

4. Mfungwa na nakala ya hukumu

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mtu aliyetiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi alipewa siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa yake, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa shauri na hukumu. Kwa mtu mwenye wakili, siku hizo hutosha. Kwa mfungwa asiye na wakili, siku huanza kuhesabiwa huku akiwa na karatasi asiyoweza kuisoma.

Uzito wa jambo hili huonekana ukizingatia adhabu zenyewe. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, ulikuwa na adhabu isiyopungua miaka 30 jela. Mtu aliyepewa adhabu hiyo alihitaji kuonyesha ni wapi hakimu alikosea: kama ushahidi wa utambuzi ulikuwa dhaifu, kama shahidi muhimu hakuitwa, kama maelezo ya polisi yalipokelewa kinyume cha utaratibu. Mambo hayo yote yamo ndani ya hukumu. Hukumu ikiwa kwa Kiingereza, mfungwa alimtegemea mfungwa mwenzake aliyesoma, au ofisa wa magereza mwenye huruma, amsomee na kumwandikia. Aliyetoa sababu dhaifu za rufaa alishindwa kwa udhaifu wa sababu, ingawa huenda sababu yenye nguvu ilikuwamo katika ukurasa ambao hakuna aliyemfasiria. Mwenye nguvu, kwa upande wake, hakuhitaji kujua Kiingereza. Alihitaji fedha za kumlipa anayekijua.

Hapa ndipo umaskini wa mali na umaskini wa lugha unapokutana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 iliingiziwa sura ya haki za msingi kwa marekebisho ya mwaka 1984, na haki hizo zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13 inatangaza usawa wa watu wote mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa kikamilifu. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au ya kiuchumi. La kuzingatia hapa ni kwamba katiba hiyo imeandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, kwa miaka mingi mwananchi wa Tanzania aliweza kuisoma ahadi ya usawa kwa lugha yake, lakini hakuweza kusoma hukumu iliyoeleza kama ahadi hiyo imetimizwa kwake.

Mashauri yaliyofika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo makao yake yako Arusha tangu mwaka 2007, yanatoa ushahidi wa pengo hilo. Tanzania iliweka mwaka 2010 tamko la kuwaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mashauri mengi zaidi yaliyofunguliwa huko yaliihusu Tanzania, na waombaji wengi walikuwa wafungwa wanaotumikia vifungo virefu. Katika hukumu ya tarehe 20 Novemba 2015, mahakama hiyo iliona kwamba mwombaji aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 30 alinyimwa haki yake kwa kutopewa msaada wa kisheria, ingawa alikabiliwa na kosa lenye adhabu nzito. Hoja ya msaada wa wakili ilijitokeza tena na tena katika mashauri yaliyofuata. Mwezi Novemba 2019 Tanzania ilitangaza kuliondoa tamko lake, na mlango huo ukafungwa kwa watu binafsi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao hufanya kazi yao vijijini na mitaani kwa Kiswahili.

5. Mabadiliko ya mwaka 2021

Mwanzoni mwa mwaka 2021 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. La kwanza lilihusu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, aliyekuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili. Katika maadhimisho ya Siku ya Sheria yaliyofanyika Dodoma tarehe 1 Februari 2021, Rais John Magufuli alimsifu hadharani kwa jambo hilo na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. La pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, ambayo ilirekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vyote vya kutoa haki. Kiingereza kiliruhusiwa pale tu ambapo maslahi ya haki yanakihitaji.

Mabadiliko hayo yalipokelewa kwa maoni tofauti. Waliotia shaka walikuwa na hoja tatu ambazo haziwezi kupuuzwa. Kwanza, walisema kuwa mfumo wa sheria wa Tanzania umejengwa juu ya maamuzi ya mahakama yaliyorundikana kwa Kiingereza kwa zaidi ya karne moja, na kwamba wakili anayenukuu maamuzi hayo kwa Kiswahili atakuwa akitafsiri kila mara. Pili, walitaja uhaba wa istilahi. Tatu, walikumbusha kuwa mafunzo ya sheria katika vyuo vikuu hutolewa kwa Kiingereza, hivyo mhitimu hufundishwa kwa lugha moja na kutakiwa kutenda kwa nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini inahusu kazi ya mawakili na majaji, watu ambao wamesomeshwa na wanalipwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mzigo wa kutafsiri lazima ubebwe na mtu fulani. Swali la haki ni nani mwenye uwezo wa kuubeba. Utaratibu wa zamani uliuweka begani kwa mfungwa. Utaratibu mpya unauweka kwa wanataaluma. Hoja ya tatu nayo inahusu vyuo, na jibu lake linapaswa kutoka vyuoni. Hoja ya pili, ya istilahi, inastahili kuangaliwa kwa kina kwa sababu ndiyo inayogusa taaluma za Kiswahili moja kwa moja.

6. Istilahi za sheria na lugha ya watu

Kilio cha uhaba wa istilahi si kipya. Mwaka 1965 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria katika Chuo Kikuu kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, alichapisha makala iliyojadili matatizo ya kukuza lugha ya taifa katika uwanja wa sheria. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ukawa miongoni mwa kazi zake. Kwa hiyo hoja ya kwamba Kiswahili hakiko tayari imedumu kwa zaidi ya nusu karne, na katika kipindi hichohicho Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiamua maelfu ya mashauri kwa Kiswahili. Mdai na mdaiwa, mlalamikaji na mshitakiwa, dhamana, kiapo, kielelezo, rufaa, zuio, mirathi, wosia, talaka na eda ni maneno yaliyokomaa kwa kutumika. Mengi kati ya hayo yana historia ndefu pwani, ambako makadhi wamekuwa wakiamua mambo ya ndoa na urithi kwa karne nyingi.

Tatizo halisi haliko katika kukosekana kwa maneno. Liko katika matumizi ya maneno yaliyopo. Mfano mmoja ni tofauti kati ya mtuhumiwa, mshitakiwa na mkosaji. Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa. Mshitakiwa ni aliyefikishwa mahakamani. Mkosaji ni aliyethibitika kutenda. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika. Hata hivyo, si ajabu kusikia katika taarifa za habari kuwa polisi "wamewakamata wahalifu" wa tukio la jana. Neno hilo moja limekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Hapa Kiswahili kina maneno yote yanayohitajika, na kinachokosekana ni uangalifu wa watumiaji.

Upande wa pili wa tatizo ni kwamba kuandika sheria kwa Kiswahili hakuhakikishi kuwa itaeleweka. Mtafsiri anayefuata muundo wa sentensi ya Kiingereza, yenye masharti ndani ya masharti na kitenzi kikuu kilichofichwa mwishoni, hutoa matini ambayo ni Kiswahili kwa maneno na ngeni kwa muundo. Msomaji wa kawaida huyajua maneno yote na asijue kimesemwa nini. Matini ya namna hiyo ina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa humwondolea mwananchi hata kisingizio cha kutojua lugha. Huambiwa kuwa sheria imeandikwa kwa lugha yake, basi asiposoma lawama ni zake.

Shaaban Robert aliliona suala la ujuzi wa sheria mapema. Katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe elimu ya uanasheria. Utetezi wake unachukua siku kadhaa na unapitia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na faida, na wakaadhibiwa. Wasomaji wengi wamekitazama kitabu hicho kama istiara ya ukoloni. Kwa mada hii, la kuangaliwa ni aina ya kosa lenyewe. Watawala wa nchi ile hawakuogopa silaha. Waliogopa raia atakayejua kujieleza mbele ya baraza.

7. Kenya, Kongo na mipaka ya Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelikabili suala hili kwa njia nyingine. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja katika lugha anayoielewa, na ibara ya 50 inampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika mahakamani. Mahakama za chini zinaweza kutumia Kiswahili, lakini Kiingereza kimeendelea kutawala katika Mahakama Kuu na katika maandishi ya hukumu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, ambayo inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi, nayo inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoifahamu. Masharti haya yanalingana na kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976.

Mifano hii inaonyesha tofauti kati ya kanuni mbili. Moja hulinda lugha ya nchi, na nyingine hulinda uelewa wa mtu. Mara nyingi kanuni hizo huenda pamoja, lakini si mara zote. Tanzania ina lugha zaidi ya 100. Kiswahili kinazungumzwa karibu kila mahali, lakini kuzungumza sokoni si sawa na kujitetea kizimbani. Mzee wa Kimaasai aliyeishi na mifugo yake, bibi wa Kisukuma ambaye hakuwahi kuingia darasani, au Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi anaweza kuwa mgeni mbele ya Kiswahili cha mahakama kama Mswahili alivyokuwa mgeni mbele ya Kiingereza. Kiziwi anayetumia Lugha ya Alama yuko mbali zaidi. Katiba ya Kenya imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya na maandishi ya Breli kati ya mambo ambayo dola inapaswa kuyaendeleza.

Wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulikubali jambo hili bila kinyongo. Sababu iliyokipa Kiswahili nguvu ya kudai nafasi mahakamani ni kwamba mtu ana haki ya kuelewa jambo linaloamua maisha yake. Sababu hiyohiyo inamlinda asiyekijua Kiswahili. Sheria ya Tanzania ya mwenendo wa jinai inataka ushahidi unaotolewa katika lugha asiyoielewa mshitakiwa ufasiriwe kwake mbele ya mahakama. Kanuni hiyo haikupungua nguvu kwa kuwa lugha inayofasiriwa sasa ni Kiswahili. Kuisahau kutakuwa ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba haki, kwa namna Kiswahili kinavyolielewa neno hilo, ni ukweli, stahiki na uadilifu kwa pamoja. Imeonekana pia kwamba kwa miongo kadhaa mfumo wa mahakama uliwataka wengi waisikie haki kwa lugha moja na waisome kwa nyingine, na kwamba gharama ya utaratibu huo ililipwa zaidi na wasio na mali wala wakili. Sheria ya mwaka 2021 imeuelekeza mzigo huo kwa wenye uwezo wa kuubeba. Kazi iliyobaki ni ya aina tatu. Sheria na maamuzi muhimu ya mahakama yatafsiriwe kwa Kiswahili kinachosomeka, chenye muundo wake wenyewe. Wanasheria wafundishwe kufikiri na kuandika kwa lugha watakayoitumia. Wakalimani wa lugha nyingine, pamoja na Lugha ya Alama, watambuliwe kuwa sehemu ya mahakama na walipwe, wasiwe watu wa kuokotwa barazani siku ya kesi.

Kipimo cha mafanikio hakitakuwa idadi ya hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili wala wingi wa istilahi zilizosanifiwa. Kipimo ni mfungwa aliyepewa nakala ya hukumu yake akakaa nayo, akaisoma, na akaweza kuonyesha kwa kidole mstari asioukubali. Hata akishindwa katika rufaa, atakuwa ameshindwa baada ya kusema. Hiyo ndiyo haki ambayo methali inamtaka apewe, awe mnyonge asiwe mnyonge.